MREJESHO: Binti yangu wa darasa la tatu anayekwama kusoma

Wadau, niliuliza hapa kama binti yangu, fundi wa kusimulia hadithi lakini kusoma kunamshinda, ana tatizo au ni uvivu kama alivyodai mwalimu wake. Ahsanteni sana kwa majibu.

Nilianza na macho na masikio, kama wengi mlivyoshauri; yote mazima. Kisha mtaalamu akampa maneno ya kubuni, ambayo mtoto hawezi kuwa ameyakariri. Hapo mambo yakawa wazi: "dapu" akasoma "bapu", "mbefi" akasoma "mbegu". Alipoambiwa aondoe sauti ya kwanza kwenye "meza", kimya. Lakini akisomewa hadithi, anajibu maswali yote! Ripoti inasema disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika maneno, usiotokana na uvivu wala akili ndogo), siyo uvivu.

Sasa anafundishwa sauti na silabi kidogo kidogo kila siku. Kusoma kumesogea, ingawa taratibu. Imla bado ni vita. Ile plastiki ya rangi ya kuweka juu ya kitabu, mliyonishauri pia, haikubadilisha chochote (okoeni hela zenu). Shule imekubali kumwongezea muda wa mtihani, nasubiri kuona utekelezaji.