Kasoro za ramani kwenye Minecraft: ziachwe au zirekebishwe?

MtuWaGenge
Wakuu habari za leo. Naomba tuliongee hili maana jana nimebishana na mdogo wangu mpaka chai ikapoa. Dunia yangu ya Minecraft, lile gemu la kujenga kwa bloku ambalo ramani yake inajitunga yenyewe, ninayoicheza toka mwaka jana ina kijiji kimezaliwa juu ya genge. Sio karibu na genge, JUU yake. Njia ya katikati inatoka kwenye kengele inakwenda, inakwenda, halafu inakatika hewani, na nyumba ya mwisho mlango wake unafungukia uwazini, chini bloku 31, nimezihesabu moja moja wakati naweka ngazi. Asubuhi ya kwanza mwanakijiji mmoja kasimama pale mlangoni, mwenzake kaja nyuma na haraka zake, kamsukuma, kwisha habari.

Mdogo wangu anasema hiyo ni bagi, yaani kosa la programu, na waliotengeneza wairekebishe, ramani isiruhusiwe kutoa kitu kama kile. Mimi nasema iachwe. Nimecheza dunia nyingi ambazo kila kitu kimekaa sawasawa na hakuna hata moja ninayoikumbuka, hii naikumbuka hadi ngazi ya ngapi imepinda. Nyie mnasemaje?

BandoLimeisha
Nimeona genge nikajua unauza nyanya na vitunguu 😂😂 ila mkuu niko na wewe, ziachwe. Mi kwenye simu yangu nilikuta meli nzima imelala mchangani, mbali na maji kabisa, nikafungua sanduku nikapata ramani ya hazina. Bagi kama hiyo nani anataka irekebishwe?

FundiChipu
@BandoLimeisha hiyo meli sio bagi. Toka 2018 walipoongeza meli zilizozama waliweka kabisa na za ufukweni, ni makusudi. Ndo shida ya mjadala huu, watu wanaita kasoro kitu kilichopangwa halafu kasoro yenyewe wanaipigia makofi.

Mimi nasema zirekebishwe na nina sababu moja tu, naomba ijibiwe. Mwaka 2014 nilihangaika miezi kutafuta ngome yenye lango la kwenda kumaliza gemu, nikaipata, kufika chumba cha lango fremu mbili hazipo. Mgodi wa zamani ulipita katikati ya chumba ukazifuta. Fremu za lango huwezi kuzitengeneza, huwezi kuzichimba ukabeba. Dunia yangu ikawa na mwisho uliokatika. Hiyo nayo ni kumbukumbu nzuri? Jibuni.

Mchimbaji_Mkuu
Kwanza watu wa simu wasichangie huu mjadala, hiyo Bedrock yenu sio Minecraft halisi, Minecraft ni Java, kwenye kompyuta. Nyie huko mnacheza kivuli chake.

BandoLimeisha
Ati nini???

Kaka rudia hapo kwenye kivuli. Mi gemu yangu nimeilipia, kwa hela yangu, kwa simu iliyopasuka kioo mpaka nikicheza kona ya kushoto kidole kinakwaruzwa. Nimejenga humo bandari, soko, msikiti wenye minara miwili. Halafu unakuja kuniambia nacheza kivuli. Na hebu tuambie wewe hiyo Java yako umenunua au umepakua kwa mtu?

Mchimbaji_Mkuu
Usinibadilishie mada. Nimesema Java ndiyo ya kwanza, hiyo ni historia.

BandoLimeisha
Hujajibu. Umenunua?

Yakhe_wa_Kale
Lo, hajajibu kweli.

Mchimbaji_Mkuu
Nilinunua 2015 baada ya kucheza ile ya kupakua miaka miwili, na wengi humu walianza hivyo hivyo msijifanye malaika. Bongo hii 2013 kadi ya kulipia mtandaoni alikuwa nayo nani?

MamaZuhura
Vijana, poleni na mabishano, naomba na mimi nichangie, nacheza na binti yangu wa miaka tisa, kwenye simu, kaka Mchimbaji utanisamehe. Sisi kijiji chetu kilitokea juu ya pango kubwa, haya mapango mapya makubwa. Sakafu ya nyumba mbili ilikuwa wazi. Zuhura alikuwa ameshawapa majina wote, kuna Bi Tatu mwenye aproni nyeupe, kuna Mzee Sefu wa vitabu. Tumelala kitandani humo kwenye gemu, tumeamka, Mzee Sefu hayupo. Tukamtafuta, tukachungulia chini, tukasikia zombi wanaguna. Mtoto alilia mpaka akakataa kula. Kwa hiyo ninaposikia mtu mzima anasema ziachwe kwa sababu zinakumbukwa, nakubali zinakumbukwa, ila mwenye kukumbuka nyumbani kwangu ni mtoto.

MtuWaGenge
Dada MamaZuhura pole sana, na umpe pole Zuhura. Naomba nikwambie nilichofanya mimi baada ya yule wa kwanza kuanguka. Weka marobota ya nyasi makavu chini ya sehemu wanapoangukia. Robota linapunguza maumivu ya kuanguka kwa asilimia 80. Mwanakijiji akidondoka bloku 31 bila robota anakufa, juu ya robota anasimama anajikung'uta anaendelea na safari. Na kama Mzee Sefu aliumwa na zombi badala ya kufa moja kwa moja, inawezekana yuko huko chini kageuka zombi, anatibika, dawa ya udhaifu ya kurusha kisha tufaha la dhahabu, halafu subiri dakika chache.

MamaZuhura
Subiri, anatibika???

MzeeWaBeta
Mnaongea kuhusu genge la bloku 31. Nyie wengi hamkuwahi kuziona Far Lands. Mimi nilianza kucheza kabla ya Septemba 2011, kabla ya toleo la Beta 1.8. Wakati ule ukitoka katikati ya dunia ukaenda upande mmoja tu, bloku 12,550,821, ardhi inapasuka. Ukuta unasimama mbele yako mpaka mwisho wa anga, umetobolewa matundu marefu kama sega la nyuki, na ndani ya matundu kuna maji, majani, giza, ghorofa juu ya ghorofa. Ukigeukia kona, pale pande mbili zinapokutana, inakuwa matabaka kama chapati zilizopangwa. Hakuna aliyechora. Ilikuwa hesabu imekosea. Wakairekebisha kwenye 1.8, na mimi mpaka leo nasikitika. Kuna Mmarekani Kurt J. Mac alianza Machi 2011 kwenda huko KWA MIGUU, anaweka video, anachangisha pesa za hisani njiani, na amekataa kuhamia toleo jipya kwa sababu akihama anakokwenda hakutakuwepo. Zaidi ya miaka kumi ametembea. Nani angetembea miaka kumi kwenda kwenye ramani iliyonyooka?

Yakhe_wa_Kale
Subhanallah. Kwa miguu?

FundiChipu
Nimepiga hesabu. Mchezaji anatembea bloku 4.317 kwa sekunde, bila kukimbia. Ni masaa kama 807. Siku 33 na nusu usiku na mchana bila kulala wala kula. Yeye anasimama, anaongea, ndo maana miaka.

BandoLimeisha
Sasa ilikuwa inakosea nini hasa hiyo hesabu? Ni kama kile kisahani cha kilomita kwenye daladala kikifika 999,999 kinarudi sifuri?

FundiChipu
Hapana, na hapa watu wengi wanakosea. Ardhi inatengenezwa na hesabu ya mawimbi aliyoibuni Ken Perlin miaka ya 80 kwa ajili ya picha za kompyuta za filamu, mwaka 1997 wakampa tuzo ya ufundi ya Oscar. Gemu inachukua mahali ulipo, inazidisha kwa 171 na ushee, halafu inatenganisha namba nzima na baki, ile baki ndiyo inayolainisha vilima visiwe na ncha. Sasa sehemu ya kuwekea namba nzima mwisho wake ni 2,147,483,647. Ukifika hapo HAIRUDI sifuri, inagoma pale pale. Chukua mizani ya sokoni, sindano imefika mwisho wa namba imeegemea kile kijiti, unaongeza gunia, sindano haisogei. Namba nzima imeganda lakini wewe bado unatembea, kwa hiyo baki ambayo ilipaswa kuwa chini ya moja inazidi kukua na kukua, na kilichokuwa kinalainisha vilima sasa ndicho kinachovirarua.

MzeeWaBeta
Miaka yote hii nilikuwa nasema namba inarudi sifuri. Asante mkuu. Ila umeona ulivyoieleza kwa raha? Na wewe unaipenda.

FundiChipu
Naipenda kuieleza. Na bado hakuna aliyenijibu la lango.

Mchimbaji_Mkuu
Ngome ziko 128 kwenye dunia moja, ungeenda nyingine.

FundiChipu
128 ni kuanzia toleo la 1.9, mwaka 2016. Mwaka 2014 zilikuwa 3 tu. Kwa hiyo waliongeza, maana yake waliona tatizo. Hapo unanisaidia mimi.

Mchimbaji_Mkuu
Sijakusaidia, nimekwambia ukweli. Na nyie wa simu bado hamjaniambia ni kasoro gani ya maana mliyowahi kuwa nayo huko, Far Lands za Mzee zilikuwa za Java.

BandoLimeisha
Haya sasa. Kaka wewe hukusoma hata unachokitukana. Sisi Bedrock namba zetu za mahali ni za desimali fupi, ukienda mbali sana usahihi unapungua, unaanza kutetemeka ukitembea, unahamia bloku kwa kuruka ruka kama video ya bando la mwisho wa mwezi. Ukifika 16,777,216 ardhi yenyewe inakatika vipande vipande, mstari wa ardhi, mstari wa uwazi, mstari wa ardhi, kama kitenge cha mistari umekitandika juu ya shimo. Hizo zinaitwa Stripe Lands. Hiyo namba ni mbili ukiizidisha yenyewe mara 24, mi sio fundi ila hiyo nimeishika kwa kichwa. Wewe Java yako kuna nini leo? Unatembea mpaka milioni 30 unagonga ukuta wa bluu unarudi nyumbani.

Yakhe_wa_Kale
Bwana we! Kivuli kimesema.

Mchimbaji_Mkuu
Sawa hiyo sikuijua. Lakini ni kwa sababu imeundwa vibaya.

BandoLimeisha
Na Far Lands zako zilikuwa zimeundwa vizuri? 🙂

MzeeWaBeta
Wanangu mtulie. Kuna kasoro nyingine inaniuma kuliko zote na hakuna anayeitaja. Zamani apdeti ikibadilisha namna ya kutengeneza ardhi, dunia yako ya zamani ilibaki kama ilivyo na ardhi mpya ilianzia pale ulipoishia kutembea. Mpaka ulikatika wima kwa vipande vya bloku 16 kwa 16, upande huu jangwa, upande ule bahari, katikati ukuta kama umekatwa na panga. Mimi kwangu ukuta ule wa 2011 ulipita nyuma ya shamba la ngano nililolima na marehemu kaka yangu. Kila kilicho ndani ya ukuta tulikifikia sisi wawili. Kila kilicho nje nilikifikia peke yangu. Toleo la 1.18 la Novemba 2021 sasa linalainisha hiyo mipaka, mlima unashuka taratibu unakutana na bonde. Wamerekebisha. Kitu kizuri kwa anayeanza leo. Ila mimi huo ukuta nisingeugusa.

MamaZuhura
Mzee wangu, Mungu ampumzishe kaka yako. Huo ukuta wako wa zamani upo bado?

MzeeWaBeta
Upo mwanangu. Wanalainisha mipaka mipya tu, wa zamani ulishachorwa. Niliuzungushia mienge.

FundiChipu
Mzee pole sana. Sina cha kubishana hapo. Nasogeza hoja yangu, zirekebishwe zile zinazofunga njia, kama lango, na zile zinazoua wanakijiji wa watoto. Nyingine ziachwe.

MtuWaGenge
Nani ataamua ipi inafunga njia? Nyumba yangu ya genge inafunga njia kabisa, njia inaishia hewani.

Mchimbaji_Mkuu
Tuma namba ya mbegu ya hiyo dunia, ile inayozaa ramani, tuone wenyewe.

MtuWaGenge
Nimewatumia wote inboksi.

BandoLimeisha
Ya Java itafanya kazi kwangu?

Mchimbaji_Mkuu
Toka 1.18 ardhi inatoka karibu sawa pande zote mbili ukiweka namba moja. Vijiji na majengo ndiyo yanakaa pengine. Jaribu. Na ile ya kivuli nimeifuta, samahani.

BandoLimeisha
Tumemalizana kaka.

MamaZuhura
Taarifa fupi. Mzee Sefu alikuwa chini kweli, zombi, na vitabu vyake. Zuhura amempiga dawa mwenyewe, tufaha nimempa mimi maana dhahabu ilikuwa kwangu. Akatetemeka weee, halafu akarudi. Bei zake zimeshuka kweli kweli, kitabu emeraldi moja. Sakafu tumeziba kwa mbao, ila Zuhura amekataa nizibe tundu moja, anasema hilo ni la Mzee Sefu, ameweka robota chini.

BandoLimeisha
Nimeweka namba. Genge lipo wakuu, lile lile, na mto unapita chini. Kijiji hakuna, kitupu kabisa, nyasi na kondoo watatu ukingoni. Nimekaa pale nikaangalia chini kama dakika tano. Sasa nimeanza kujenga nyumba ya mwisho, mlango nimeuelekeza uwazini kama wako.

MtuWaGenge
Weka marobota kwanza.