Kidonge cha mchanganyiko cha presha: telmisartani+amlodipini au losartani+HCT?

Kipima_Upepo:
Wakuu habarini. Nipo kwenye amlodipini 5 peke yake na presha bado inacheza kwenye 150 kwa 95. Daktari kasema haongezi dozi, ananihamishia kwenye kidonge chenye dawa mbili ndani, kanitajia viwili nikasome kwanza ndo turudi kuongea: telmisartani 40 na amlodipini 5, au losartani 50 na HCT 12.5 (hii HCT ndo ile ya kukojoza). Waliotumia nipeni ulinganisho. Na kwa nini asinipe tu amlodipini 10 yaishe?

Fundi Saa:
Hapo kwenye dozi daktari wako yuko sawa kabisa mkuu. Ukidabo dawa moja presha inashuka kidogo tu zaidi ila madhara ndo yanapanda, na amlodipini ikifika 10 miguu inavimba kwa watu wengi, hasa akina mama. Ukiongeza dozi ndogo ya kundi lingine unaishika presha kwa njia mbili, amlodipini inalegeza mishipa na telmisartani inazuia homoni inayoibana. Halafu kuna kitu wengi hawakijui, amlodipini inafungua mishipa midogo inayoleta damu huku ile ya kuitoa haifunguki sawasawa, ndo maana maji yanavujia kwenye vifundo vya miguu, sasa telmisartani inafungua na upande wa kutolea kwa hiyo uvimbe unapungua.

mama_wawili:
Mimi niko losartani+HCT na presha imetulia, sina malalamiko makubwa. Mwanzoni chooni utaenda sana, baadaye inapoa. Ila HCT inataka vipimo, inaweza kushusha potasiamu na sodiamu, sukari nayo inaweza kupanda kidogo, kwa hiyo damu napima kila daktari akisema. Una gauti?

Kipima_Upepo:
Dada umenigusa, kidole gumba cha mguu huwa kinawaka mpaka shuka siitaki iniguse.

mama_wawili:
Basi kamwambie daktari hilo kabla ya jingine lolote. HCT inafanya yuriki asidi ibaki mwilini, na hiyo ndo gauti yenyewe. Losartani inaishusha kidogo lakini usiitegemee ikulipie deni la HCT.

Dozi Kamili:
Nipo kwenye famasi, niongezee kidogo. Mnalinganisha sartani na sartani (yaani telmisartani na losartani, ni ukoo mmoja) wakati tofauti kubwa iko kwa huyo mwenzake. Kuna utafiti mkubwa wa 2008 unaitwa ACCOMPLISH, watu zaidi ya 11,000, wote walipewa benazeprili (dawa ya presha ya ukoo wa prili), nusu ikaongezewa amlodipini na nusu HCT. Waliopata amlodipini walikuwa na matukio ya moyo pungufu kwa karibu asilimia 20. Mwingine ni CREOLE wa 2019, ulifanyika kwa watu weusi kwenye nchi sita za Afrika kusini mwa Sahara, na michanganyiko yote miwili yenye amlodipini (na HCT, au na perindoprili) ilishusha presha kuliko perindoprili+HCT. Sasa wewe amlodipini tayari unaivumilia, uitoe ya nini? Mimi ningeibakiza nikaiongezea mwenzake. Presha ikigoma na hapo ndo dawa ya maji (ya kukojoza, kama HCT) inaingia kama ya tatu, na kwa mwenye gauti daktari atapima mwenyewe.

Kibao Kata:
Mimi hivi vidonge vya mchanganyiko sivipendi. Kikikuletea shida hujui dawa ipi imefanya, dozi ya moja huwezi kuigeuza peke yake, na kikikosekana famasi umekosa zote mbili kwa mpigo.

Dozi Kamili:
Kikikosekana si unaandikiwa vidonge viwili tofauti vya dawa zile zile, kazi ni moja. Faida yake ni kwamba mtu hasahau, na WHO kwenye mwongozo wa 2021 wanapendelea kidonge kimoja kwa sababu hiyo. Ila angalizo, asije mtu akabakiza enalaprili au lisinoprili (nazo ni za ukoo wa prili) ya zamani nyumbani akaimeza pamoja na sartani. Kwenye utafiti wa ONTARGET wa 2008 walijaribu telmisartani pamoja na ramiprili, faida haikuongezeka, figo ndo zikaumia zaidi. Na sartani haziendi kabisa na ujauzito. Kipima_Upepo, hiyo gauti ikiwaka unatuliza na nini?

Kipima_Upepo:
Diklofenaki mkuu.

Dozi Kamili:
Hiyo yenyewe inapandisha presha, na ukiichanganya na sartani plus dawa ya maji figo zinabeba mzigo mzito. Mtajie daktari, kuna dawa nyingine za gauti.

Kipima_Upepo:
Sawa, naenda na telmisartani+amlodipini mkononi na gauti naitaja mlangoni. Ya mwisho, nimeze asubuhi au usiku?

Fundi Saa:
Wowote unaoukumbuka. Uingereza walilinganisha asubuhi na jioni kwa watu zaidi ya 21,000, majibu yakatoka 2022, hamna tofauti. Wa HCT ndo wameze asubuhi, la sivyo usiku kucha ni safari za chooni.