Barbara Jordan alianguka mara mbili Texas, ya tatu akapita. Nini kilibadilika?

mwana_kyela: Wakuu, habari zenu. Nipo mwaka wa tatu, sheria. Mwalimu katutajia Barbara Jordan, wakili aliyeingia Seneti ya jimbo la Texas mwaka 1966. Kumsoma, nakuta aligombea bunge la chini la jimbo hilo 1962 akaanguka, 1964 akaanguka tena. Baada ya hapo anapita. Alipata hela? Alihama chama? Mlioko huko nijuzeni.

shangazi_wa_houston: Mwanangu, hela hakuwa nazo. Alimaliza sheria Boston 1959, akarudi hapa Houston akaanzia uwakili kwenye meza ya chakula nyumbani kwa wazazi wake, mtaa wa weusi wa Fifth Ward. Baba mchungaji wa Kibaptisti. Chama kilekile, Democratic.

Kilichobadilika ni ramani. Zile mara mbili alipigiwa kura na kaunti nzima ya Harris, yaani Houston na vitongoji vyake. Weusi wote wa Fifth Ward wampe yeye, bado wanamezwa na wazungu wa vitongojini. Mwaka 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua maeneo ya uchaguzi ya mabunge ya majimbo yakaribiane kwa idadi ya watu. Texas ikabidi ikate mipaka upya, na mtaa wao ukaangukia eneo jipya la Seneti. Halafu 1966 mahakama zikafuta kodi ya kichwa iliyolipwa ndipo upige kura. Hapa ilikuwa dola 1.75, na mama anayefulia watu nguo aliifikiria mara mbili.

Basi akawa mweusi wa kwanza kwenye Seneti ile tangu 1883. Watu wakimsifia sauti yake ya kuhutubia tu naudhika. Sauti alikuwa nayo hata alipoanguka!

mzee_wa_hoja: Shangazi, mawakili wanakimbilia siasa kutafuta tenda. Mshahara wao huko shilingi ngapi?

shangazi_wa_houston: Dola 7,200 kwa mwaka, na posho za vikao. Bunge la Texas hukaa siku 140 kila baada ya miaka miwili. Mwalimu wa shule nani atampa ruhusa ya miezi mitano? Wakili ana ofisi yake, na sheria ya Texas inamruhusu kuomba kesi iahirishwe kwa sababu yuko bungeni. Ndiyo maana wamejaa. Wa tenda wapo, sikatai. Lakini Jordan alipigania kima cha chini cha kwanza cha mshahara Texas, kwa wale ambao sheria ya taifa iliwaacha nje.

mwana_kyela: Asante shangazi. Na ile ya ugavana wa siku moja?

shangazi_wa_houston: Kweli, 10 Juni 1972. Alikuwa rais wa muda wa Seneti. Gavana na naibu wake wakatoka nje ya jimbo wakamwachia kiti, ndiyo desturi yao. Baba yake alikuja Austin kushuhudia, akapata kiharusi siku ileile, kesho yake akafariki. Novemba binti akachaguliwa kwenda Congress, bunge la taifa. Hotuba yake ya Julai 1974, kamati ya bunge hilo ilipojadili kumshtaki Rais Nixon ili aondolewe, itafute uisikilize. Lakini mtihani kwanza.