Kamnyang'anya maiki binti wa watu mbele ya wazazi, halafu kaenda kula pilau!

Wakuu habari za saa hizi, ila zangu si nzuri. Nimerudi sasa hivi kutoka kwenye mahafali ya fomu foo, hata shati sijavua, naandika hapa kabla sijapasuka. Yule bwana mnamjua. Msiniulize nani. Hapa Mtwara kuanzia Shangani mpaka Naliendele anajulikana, na nyie wa Newala na Masasi mnamjua, ni yule yule kila kampeni "mimi mtoto wa mkulima wa korosho mwenzenu, nimekulia ming'oko". Ming'oko gani, ile mizizi ya porini? Kitambi kile hakijajengwa na ming'oko!

Leo ndo alikuwa mgeni rasmi. Kadi inasema saa tatu asubuhi. Watoto wamepangwa juani na sare zimepigwa pasi toka jana, kina mama wamefunga biashara zao feri, mtu kaacha korosho zinadondoka shambani wenye kangomba, wale walanguzi, wanazivizia, maana msimu wenyewe ndo huu. Mheshimiwa kaingia saa saba. V8 inaunguruma nje muda wote yuko jukwaani, dereva hazimi ili kipupwe kisikate, yaani kiti chake kinatunzwa kuliko mwanafunzi wa shule ile. Sawa, tumezoea. Sio hilo lililonileta.

Kapanda binti kusoma risala. Huyu binti namjua, mama yake anakaanga samaki pale feri, shule anatembea kwenda na kurudi kwa sababu hosteli hakuna, na ndo anaongoza darasa lao. Walimu wakamwandalia risala ya Kiingereza ili kumpa mgeni heshima. Kaanza vizuri tu. Kafika penye shida za shule, anaomba maabara, maana kile chumba kimeandikwa maabara mlangoni ukifungua unakuta majembe na madawati mabovu. Katamka "labolatoli". Basi! Kosa lake ndo hilo. Jibaba likanyanyuka kwenye kochi, kochi tumelikodi kwa michango yetu, likaenda mpaka aliposimama mtoto likamnyang'anya maiki mkononi. MKONONI jamani. "Labolatoli!" anamuigiza, halafu anacheka ndani ya maiki mpaka spika zinapiga mluzi. "Binti soma Kiswahili tu, mwanangu wa darasa la tatu akisikia hicho Kiingereza atashindwa kulala."

Na meza kuu ikacheka. Watu wazima na suti zao wanaangaliana kwanza nani aanze, akaanza mmoja, wote wakafuata.

Mtoto kabaki na mkono hewani kama bado kashika maiki. Mama yake nilikuwa nimekaa naye safu moja. Sitaki hata kuelezea.

Huyo mwanae wa la tatu anasoma wapi? Hapa kwetu? Anasoma shule ya ada ya mamilioni, Kiingereza toka chekechea, basi linampitia getini. Binti wetu kasoma miaka 7 kwa Kiswahili, halafu siku ya kwanza fomu wani baiolojia, fizikia, hesabu, vyote vimegeuka Kiingereza, na anayemfundisha kapita njia hiyo hiyo. Utaratibu huo wanaupitisha kina nani kama sio hao wa kwenye makochi? Wanawaweka watoto wetu huko, wa kwao wanawatoa, halafu wanakuja kucheka kwenye mahafali!

Na yeye kasoma BURE. Kizazi chake ndo kile ada ya sekondari ilifutwa 1964, serikali inakupa bweni, inakupa chakula, inakupa waranti ya kupandia basi. Korosho za babu zetu zilichangia hapo. Leo anamcheka mjukuu wa aliyemsomesha.

Majibu ya risala unajua nini? Mipira miwili na jezi seti moja. Maabara hakuigusa kabisa. Kamnyang'anya mtoto maiki, kala pilau, kaondoka. Sina hoja ndefu mimi. Mtoto KANYANG'ANYWA MAIKI kwa sababu kaomba maabara. Nimemaliza, semeni na nyie.

—

Mti Mkavu: Nipo paleee na korosho zangu nasubiri machawa wake waje.

Kijana wa Chikongola: Hii chai. Leta video.

Nahodha Mikindani (mleta uzi): Video niitoe wapi, waliokuwa na simu wote walikuwa wanapanga foleni kupiga picha naye!

Somo wa Rahaleo: Si chai, nilikuwepo. Tena mleta uzi kuna kitu kasahau, wakati anarudisha maiki kaifuta kwanza na leso. Kaifuta!! Kwani mtoto wa watu ana ukurutu?

Nahodha Mikindani: Asante somo yangu. LESO. Mnasikia lakini?

Dogo Salfa: Mkuu na wewe ulikuwa umekaa tu? Wanaume wazima mmejaa turubai zima, mtoto ananyang'anywa maiki mbele yenu mnanusa pilau, halafu jioni unakuja kuwa simba kwenye kioo cha simu 😂😂

Nahodha Mikindani: Mgambo walisimama mbele ya wazazi na virungu toka asubuhi. Na pilau sijaligusa, waulize wapishi.

Dogo Salfa: Tutawauliza na kiporo kiko wapi.

Mwalimu Mstaafu: Vijana mambo haya hayakuanzia Mtwara. Uingereza kuna shule inaitwa Eton, mfalme Henry VI aliianzisha 1440 ili vijana 70 wasio na uwezo wasome bure. Matajiri wakaingia wakaikalia, mpaka leo imeshatoa mawaziri wakuu 20, akiwemo David Cameron na Boris Johnson. Hao wawili walipofika Oxford walikuwa kwenye chama cha vijana wenye hela kinaitwa Bullingdon, sifa yake ni kuvunja vyombo migahawani halafu wanalipa na kuondoka zao. Sasa mtu aliyekuzwa hivyo mpe nchi uone. Kila akivunja anajua yupo wa kufagia. Na sisi mkoloni alituletea ya kwetu, Tabora ilikusudiwa watoto wa machifu wafundishwe kutawala. Nyerere kapita hapo, lakini alipopata nchi akataifisha shule binafsi, sheria ya 1969, ili mtoto wa waziri na wa mkulima wagombanie dawati moja. Na hapa kwetu Mzee Mkapa alitoka Lupaso, akasoma Ndanda, akaenda Pugu, akafika Makerere na Ikulu. Huyo wenu na yeye alibebwa na mpango ule, ndiyo maana inauma. Aliyenyanyaswa na tajiri ungedhani angejua uchungu.

Kijana wa Chikongola: Mwalimu shikamoo, ila hilo ni gazeti. Nani kafika chini?

Somo wa Rahaleo: Mimi nimefika. Watoto wa siku hizi mnaona uvivu kusoma halafu mnamcheka binti wa watu.

Mama Pweza: Ngojeni na mimi niseme. Wanangu nawasomesha shule ya kulipia, na mimi sio mheshimiwa, nakaanga pweza usiku mpaka macho yanatoka machozi ya moshi. Ikitajwa ingilishi midiamu tu mnatuona sote wezi. Mlitaka nimpeleke kwenye darasa la watoto mia wanakaa chini ili mleta uzi afurahi?

Nahodha Mikindani: Dada yangu wewe hujamnyang'anya mtu maiki. Namuongelea anayepanga mishahara ya walimu na madawati ya shule za kata huku wake kamficha kwingine. Angekuwa na mtoto pale ile maabara ingejengwa kwa wiki moja, na chupa zingetoka Ujerumani kwa ndege!

Mama Pweza: Hapo sawa. Ila msituseme.

Mti Mkavu: Mnakumbuka matokeo ya fomu foo ya 2012? Zaidi ya nusu ya nchi sifuri. Kuna mtoto wa mkubwa yeyote mlimsikia mle?

Mmwera wa Nachingwea: Nyie shukuruni wa kwenu kaja hata kucheka. Wa kwetu toka kampeni hatujamuona, tunamjua kwa kalenda. Wakubwa mara ya mwisho kujaa Nachingwea ni Waingereza na mradi wao wa karanga 1947, na wenyewe walikimbia wakaacha matrekta.

Dogo Salfa: 😂😂😂 na karanga hazikuota

Korosho Gredi Ei: Maiki, maiki, maiki. Mtu mzima unalia maiki wakati wengine tunalia hela. Mimi donda langu ni msimu wa korosho wa 2018, tukatangaziwa 3,300 kwa kilo, tukashangilia mpaka tukakopa mabati. Hela ilipokuja mabati yalishapata kutu.

Mti Mkavu: Hapo umegusa. Mimi nilikopa pikipiki.

Kijana wa Chikongola: Afadhali nyie mna mabati. Kimbunga Hidaya kilivyokata barabara Mei 2024 nililala Somanga ndani ya basi, maji ya kunywa yanauzwa bei ya soda, soda bei ya bia. Kusini bwana, daraja likienda tumekatwa na nchi.

Nahodha Mikindani: Jamani uzi ni wa binti na maiki! Mbona mnaupeleka Somanga?

Mmwera wa Nachingwea: Somanga hamkuishiwa chakula kweli?

Kijana wa Chikongola: Kulikuwa na samaki, mkuu. Samaki wengi mno. Ila bei!

Mama Pweza: Bei ya samaki siku hizi msiseme, feri pale pweza mmoja mdogo wanakutajia hela ya ada.

Nahodha Mikindani: Kamnyang'anya MAIKI. Kaifuta na LESO.

Korosho Gredi Ei: Mnada unaofuata ni lini, kuna mwenye taarifa ya chama chochote cha msingi upande wa Tandahimba?

Dogo Salfa: Wanasema Ijumaa. Uliza na kama magunia yamefika, maana juzi kwetu watu walirudi na korosho zao kichwani.