FITC imeshika lakini vimelea havionekani, slaidi nzima ina ukungu wa kijani

Bafa_Chafu:
Wakuu, heshima mbele. Nina IgG (kingamwili) ya sungura dhidi ya protini moja ya Plasmodium falciparum (kimelea cha malaria) na nataka kuitia FITC (rangi inayong'aa kijani) moja kwa moja. Nimechukua ml 1 (mg 1 ya kingamwili) kama ilivyokuja kwenye kichupa: bafa ya Tris 50 mM pH 8, BSA (albumini ya ng'ombe) asilimia 1, azidi ya sodiamu asilimia 0.02. Nikapandisha pH hadi 9 kwa kaboneti, nikaongeza µl 5 za FITC iliyoyeyushwa kwenye kiyeyushi cha DMSO (mg 10 kwa ml), saa 2 gizani, kisha nikapitisha kwenye kolamu ya Sephadex G-25. Kilichotoka ni cha njano-kijani kizuri kabisa. Kwenye hadubini, hakuna kimelea kinachojitokeza, seli zote nyekundu zina ukungu. Niongeze kipimo cha FITC?

Mzee_wa_Pipeti:
Usiongeze mkuu. Rangi imeshika vizuri sana, ila imeshika kitu kingine.

FITC inakamata amini (vikundi vya nitrojeni), hasa zile za lysini kwenye protini, na haibagui amini ya nani. BSA asilimia 1 ni mg 10 kwa ml: mara 10 ya kingamwili yako kwa uzito, zaidi ya mara 20 kwa idadi ya molekuli. Tris nayo ni amini. Kwa vipimo vyako kila molekuli moja ya FITC ilikuwa na Tris karibu 400 za kugombania. G-25 inaondoa rangi huru tu. Albumini na IgG zote ni kubwa mno kwa kolamu hiyo, kwa hiyo zinatoka pamoja. Huo unjano unaousifia kwa sehemu kubwa ni albumini iliyotiwa rangi, na ndiyo inayoganda kila mahali kwenye slaidi.

Anza upya na kichupa kingine. Kuondoa BSA tumia kolamu ya protini A, maana IgG ya sungura inashika protini A kwa nguvu. (Ingekuwa ya mbuzi ningekwambia protini G. Ya kuku haishiki yoyote kati ya hizo mbili.) Hapa kuna mtego unaowanasa wengi: kingamwili hutolewa kwenye protini A kwa glisini ya pH 3 hivi, halafu tindikali hiyo inatulizwa kwa Tris. Glisini ni amini, Tris ni amini, umerudi palepale! Lazima ubadilishe bafa tena, ama kwa kuizamisha ndani ya mfuko wa dialisisi kwenye PBS (bafa ya fosfeti isiyo na amini), maji yakibadilishwa mara 3 kwenye nyuzi 4, ama kwa chujio la kuzungushia la 50 kDa, mara 3 pia. Azidi itaondoka njia hiyohiyo, na kwa FITC ni vizuri iondoke.

Kisha, ushauri wangu, achana na FITC. Inachujuka haraka ukiiangazia, na mwanga wake unafifia pH ikishuka kuelekea 6. Chukua esta ya NHS ya Alexa Fluor 488 (rangi ya kijani, nayo inakamata amini), inapita filta zilezile. Bafa yake ni rahisi: g 0.84 za bikaboneti ya sodiamu kwenye ml 100 za maji, inakaa yenyewe karibu na pH 8.3. Itengeneze siku hiyohiyo. pH ikiwa chini, lysini nyingi zimebeba protoni na hazishiki rangi. Ikiwa juu sana, maji yanaivunja esta kabla haijafika kwenye protini.

Kingamwili iwe mg 2 kwa ml au zaidi, kwenye myeyuko hafifu maji ndiyo yanashinda. Kwa mg 1 ya IgG (nanomoli 6.7), rangi mara 10 ni nanomoli 67, yaani µg 43, yaani µl 4.3 za myeyuko wa mg 10 kwa ml. Kichupa cha rangi kikitoka kwenye friza kiache kipate joto la chumba KABLA ya kukifungua, la sivyo unyevu wa hewa unaganda ndani. DMSO iwe kavu. Saa 1 gizani, ukitikisa polepole, na rangi iliyobaki kwenye DMSO usiitunze ukidhani utaitumia wiki ijayo.

Ncha_ya_Bluu:
Kwa nini uhangaike hivyo? Kingamwili ya pili dhidi ya sungura, iliyokwishatiwa rangi, inauzwa tayari. Tena kadhaa zinaweza kushika kingamwili moja ya kwanza, kwa hiyo mwanga unakuwa mkali zaidi.

Bafa_Chafu:
Nina kingamwili mbili kwenye slaidi moja, zote za sungura. Hiyo ya dukani ingezishika zote.

Ncha_ya_Bluu:
Basi una sababu. Endelea.

Bafa_Chafu:
Nimerudi. Nimefuata yote, nikaanza na mg 1 iliyopimwa baada ya kuondoa BSA. Kolamu ya kuondoa rangi huru ni PD-10 (Sephadex G-25). Kwenye spektrofotomita, sentimita 1: nm 280 ni 0.40, nm 494 ni 0.53. Nikigawanya napata 1.3 tu, na maelekezo yanataka rangi 3 hadi 7 kwa kila IgG. Imefeli?

Hesabu_Kwanza:
Haijafeli, umegawanya visivyogawanyika. Ufyonzaji sio idadi ya molekuli.

Rangi yenyewe inafyonza kidogo kwenye 280, kwa Alexa Fluor 488 ni asilimia 11 ya kile unachosoma 494. Ondoa kwanza: 0.40 − (0.11 × 0.53) = 0.342. Gawanya kwa 210,000 (ufyonzaji wa moli 1 ya IgG kwa lita): µM 1.63. Rangi: 0.53 ÷ 71,000 = µM 7.46. Sasa gawanya: 4.6. Uko katikati kabisa. Na kwa ml 3.5 za PD-10 umeokoa mg 0.85, sio haba.

Hesabu hii ni kweli tu kama hakuna rangi huru. Kwenye PD-10 jaza sampuli hadi ml 2.5 kwa PBS, mwaga kinachodondoka, kisha weka ml 3.5 na ukusanye hizo. Utaona mkanda wa kwanza ukishuka, wa pili unajikokota nyuma yake. Huo wa pili usiuguse.

Ingefika 9 au 10 usingefurahi. Rangi zikisongamana kwenye protini moja zinazimana zenyewe kwa zenyewe, na kingamwili inaanza kunata ovyo au kuganda.

Mzee_wa_Pipeti:
Sasa BSA asilimia 1 na azidi asilimia 0.02 unaweza kurudisha, kazi ya amini imeisha. Gawa kwenye vichupa vidogo, funga kwa foili, nyuzi 4. Kabla ya kutumia zungusha kwa 10,000 g dakika 5, uchukue maji ya juu. Vinginevyo vijidonge vitakuonyesha "vimelea" visivyokuwepo.

MamaSlaidi:
Bado jambo moja: umekaza seli kwa kemikali gani? Kama kuna glutaraldehaidi, hata kidogo sana, inatoa mwanga wake wa kijani. Ioshe kwa borohaidraidi ya sodiamu, mg 0.1 kwa ml, iliyotengenezwa papo hapo. Weka pia DAPI (rangi ya bluu inayoshika DNA): seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo nukta ya bluu ndani yake ndiyo kimelea. Kijani kisichokaribiana na bluu kitilie shaka.

Na slaidi ya kulinganishia isiwe tupu. Tumia IgG ya sungura asiyechanjwa, iliyotiwa rangi hiyohiyo kwa kiwango kilekile cha 4 hadi 5. Yenye rangi 2 itaonekana safi kwa sababu tu ni hafifu.

Bafa_Chafu:
Glutaraldehaidi ipo, asilimia 0.0075. Naanza na borohaidraidi kesho.