Okidi ya chui inaoza mashina hapa Malindi, wala haichanui: kosa ni maji au ni udongo?

Kiunga cha Malindi aliuliza:

Salaam jamani. Naomba msaada wa okidi ya chui (Ansellia africana), ile ya maua ya manjano yenye madoa ya hudhurungi. Ilinunuliwa kwenye kitalu chenye kibali, ikiwa na mashina matano, na sasa inatimiza mwaka wa pili. Imepandwa kwenye ndoo ya plastiki ya lita 10, udongo mwekundu nusu na samadi ya mbuzi nusu. Imewekwa chini ya mwembe mkubwa. Inanyweshewa kila jioni kwa maji ya kisima, na kisima chenyewe ni cha chumvichumvi, kama vilivyo vingi vya karibu na bahari.

Hali yake ni hii: mashina mawili yamekuwa meusi kuanzia chini, ukiyabonyeza yanatoa maji. Ncha za majani zimekauka sentimita 3 hadi 4. Juu ya udongo kuna ukoko mweupe. Tena imeota mizizi myembamba mingi, migumu, iliyosimama juu kama sindano, na sijui kama ni ugonjwa niikate. Ua hata moja haijatoa.

Je, inaokoka? Ipandwe kwenye nini? Na kuna mtu anataka kuniuzia fungu kubwa alilolitoa msituni, anasema lina mashina zaidi ya ishirini. Nichukue?

Mwenye Kitalu alijibu:

Mizizi iliyosimama usiiguse. Huo si ugonjwa, ndiyo maumbile yake. Okidi hii ina mizizi ya aina mbili: minene inayokumbatia gome la mti, na myembamba inayoelekea juu ikafanya kitu kama tenga. Majani makavu na takataka za mtini huangukia humo, zikaoza polepole, mmea ukapata chakula. Ukiikata au ukiifukia umeunyang'anya sahani yake.

Inaokoka, ila itoe kwenye udongo leo hii, usingoje msimu. Okidi ya chui kwa kawaida haiishi ardhini, inaishi juu ya miti. Mizizi yake imevaa ngozi kama sifongo: ikilowa hunywa haraka, kisha lazima ikauke na kupata hewa. Ikikauka huwa ya kijivu cha fedha, ikilowa hugeuka kijani. Ndani ya udongo na samadi haikauki kabisa, hewa haipiti, mzizi unakufa, na kuvu inapanda mpaka kwenye shina. Kunyweshea jioni kunaongeza balaa, maana maji yanalala kwenye makutano ya mashina usiku kucha.

Pasua ndoo ikibidi, usivute mmea. Osha mizizi yote kwa maji matamu. Mzizi ulio hai ni mgumu ukiubana. Uliokufa unabanduka ganda na kubaki uzi katikati, huo kata. Halafu chukua kisu kikali, kipitishe kwenye moto wa jiko mpaka kiwe moto sana, kiache kipoe, ukate yale mashina meusi pamoja na kipande cha shina la chini linaloyaunganisha. Kata sentimita 2 ndani ya sehemu safi. Angalia uso wa jeraha: ukiona duara la zambarau au hudhurungi, ugonjwa bado upo, kata tena mbele kidogo, na kila mkato kisu kirudi motoni. Nyama ikiwa nyeupe au kijani hafifu kote, simama hapo.

Kwenye jeraha paka unga wa mdalasini, huo huo wa jikoni. Unakausha vizuri. Lakini usiumwagie mizizi hai, utaikausha nayo. Ukitaka dawa ya kuvu, mankozebu gramu 2 kwa lita moja ya maji, nyunyizia mashina yaliyobaki, ukiwa umevaa glavu na umefunika pua na mdomo. Kisha tundika mmea kivulini penye hewa siku tatu hadi tano bila tone la maji. Usiuonee huruma, mashina yale yamehifadhi maji ya kutosha.

Chombo: kikapu cha mbao chenye nafasi kati ya fito, upana wa sentimita 25 kwa mashina matatu, au chungu cha udongo kilichotobolewa ubavuni. Kikubwa zaidi ya hapo kitakaa na unyevu. Ndani tia mafungu matatu ya makaa yaliyovunjwa vipande vya sentimita 3 hadi 4, mafungu mawili ya makumbi ya nazi yaliyokatwa ukubwa huo huo, na fungu moja la vigae vya chungu. Unga wa makaa upepete uutupe, unaziba mianya. Mawe ya matumbawe usitumie hata kama yamejaa uani, yana chokaa, na chokaa huzuia mmea kupata chuma, majani yakawa manjano.

Makumbi mabichi yana chumvi yake mwenyewe. Yaloweke saa 24, mwaga maji, rudia mara tatu. Hapo ndipo wengi hukosea: wanasema makumbi ni ya pwani, mmea ni wa pwani, basi vitapatana.

Ukiupanda, shina linalotambaa likae juu ya mchanganyiko, lisifunikwe. Mmea ni mzito, ufunge kwa kamba ya usumba au kitambaa cha nailoni mpaka usitikisike, maana mzizi mchanga ukisuguliwa ncha yake hufa. Maji uanze baada ya wiki moja, kidogo, saa moja au mbili asubuhi.

Bi Mkunguni wa Lamu alijibu:

Mwanangu, yote hayo aliyokwambia ni kweli, lakini ukiendelea na maji ya kisima hicho utarudi hapa baada ya mwaka na swali lile lile. Ukoko mweupe ni chumvi na chokaa. Chumvi ikizidi kwenye mizizi, maji yanashikwa nje na mmea unakaa na kiu ingawa umelowa. Ndiyo maana ncha za majani zinaanza kufa, chumvi inaishia huko.

Nunua kipima chumvi kidogo cha mkono, kile kinachosoma chembe katika milioni. Chini ya 150 ni maji mazuri. Mpaka 300 utavumilia, mradi usuuze mara kwa mara. Ikipita 500 usimpe okidi.

Maji ya mvua ndiyo dawa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mabati la mita 10 za mraba, mvua ya milimita 50, umepata kama lita 500 kasoro kidogo zinazopotea. Masika ya Mei pekee yatakujazia pipa zaidi ya moja. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, inaosha vumbi, vinyesi vya ndege na chumvi ya upepo wa bahari. Paa la makuti halifai, maji yake hutoka rangi ya chai na takataka. Na kwenu mkiwa na jabia (birika la maji) la kale lililopigwa chokaa, pima kwanza, kwani maji yakikaa humo hubeba chokaa. Pipa la plastiki lenye mfuniko ni salama zaidi, na mbu hawazai.

Kila mwezi suuza: maji ya mvua mara tatu ya ujazo wa chombo, yapite na kutoka chini. Wakati wa kusi upepo ukivuma sana kutoka baharini, asubuhi yake osha majani kwa maji matamu. Sisi huku Lamu tusipofanya hivyo majani yanakuwa na vumbi jeupe la chumvi ndani ya siku chache.

Rafiki wa Mwitu alijibu:

Kwa lile fungu la msituni: usichukue, na mwambie muuzaji asikuletee jingine.

Okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa mwituni, na hii ya chui iko katika orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kama mmea ulio hatarini. Kung'oa mimea msituni bila kibali ni kosa, na anayenunua hajitoi. Hapa kwetu msitu wa Arabuko-Sokoke uko mlangoni, na mafungu makubwa kama hayo huchukua miaka mingi kufikia mashina ishirini. Mara nyingine mti mzima huangushwa ili kumfikia mmea mmoja juu.

Hata ukiweka sheria kando, ni fedha ya kupotea. Mizizi minene imeganda kwenye gome. Ikibanduliwa hukatika karibu yote. Unapewa mashina mazuri yasiyo na mizizi, yataishi miezi kwa akiba yao kisha yanyauke mmoja mmoja. Tena yanakuja na wadudu gamba na sisimizi. Mbegu za okidi nazo ni vumbi lisilo na chakula ndani. Mwituni zinahitaji kuvu maalumu ili ziote, na maabara huziotesha kwenye chupa. Ukipanda mwenyewe kwenye kopo hutaona kitu. Ukitaka nyingi, subiri yako ifike mashina manane, uigawe mara mbili, manne kila upande.

Kiunga cha Malindi aliuliza tena:

Shukran sana nyote, mmenifungua macho. Nimeshaitoa, mashina matatu yamebaki safi na moja lina chipukizi la urefu wa kidole. Sasa maua: mwembe ubaki au niuhamishe? Na mbolea je, kama samadi haifai?

Mwenye Kitalu alijibu:

Chipukizi ni habari njema, mizizi mipya itatokea chini yake. Lilinde na konokono, usiku mmoja tu wanalimaliza.

Chini ya mwembe ni giza. Jani la kijani kilichokoza, laini, linaloinama, linakwambia mwanga haufiki. Unalotaka ni jani gumu la kijani chepesi chenye umanjano kidogo. Uweke mahali panapopata jua la asubuhi mpaka saa tatu au nne, baada ya hapo neti ya kivuli ya asilimia 40 hadi 50. Uhamishe polepole kwa wiki mbili, ukisogeza kidogo kidogo. Doa jeupe linalogeuka kahawia katikati ya jani ni jua limeunguza, halitapona, ila halienei.

Mbolea: ya maji, 20-20-20 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa) yenye madini madogomadogo. Kijiko kimoja cha chai, kama gramu 5, kwa lita 10 za maji ya mvua. Mara moja kwa wiki, baada ya kulowesha mizizi kwa maji matupu, na wakati shina jipya linakua tu. Anza mizizi mipya ikifika sentimita 5.

Maua yanataka kiangazi. Shina likiacha kurefuka na jani la mwisho likafunguka, acha mbolea kabisa na punguza maji mpaka mara moja kwa siku 7 hadi 10. Kaskazi ya Januari hadi Machi inafaa sana kwa hilo. Majani kadhaa yataanguka, usishtuke. Mikunjo midogo kwenye mashina si kitu. Ikizama sana mpe maji kidogo. Endelea hivyo wiki 6 hadi 8, au mpaka uone kikonyo cha maua kwenye ncha ya shina, ndipo urudishe maji. Anayenyweshea sawasawa mwaka mzima hupata majani tu. Mashina ya zamani yasiyo na majani usiyakate, ni ghala la mmea.

Kwa mwaka huu usitarajie ua, mashina matatu yaliyopona yana kazi ya kuota mizizi kwanza.

Bi Mkunguni wa Lamu alijibu:

Ongeza na hili la wadudu. Geuza majani uangalie chini kila wiki. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, tafuta wadudu gamba au vidung'ata kwenye maungio, maana wanawafuga. Mafuta ya mwarobaini mililita 5 na sabuni ya maji nusu kijiko cha chai kwa lita moja, nyunyizia jioni jua likishazama, kisha weka kikapu penye upepo kikauke kabla hujalala. Rudia kila siku 7 mara tatu, kwa sababu mayai hayafi kwa mara ya kwanza.

Na siku ukitaka kuihamishia mtini, gome la mwembe au mkoma linaishika vizuri. Gogo lililookotwa ufukweni liache, chumvi imeingia mpaka kiini na haioshiki.