Kumhamisha mbwa wa kienyeji kutoka Arusha kwenda Berlin kwa ndege: nianzie wapi?

Neema wa Ngaramtoni

Wadau habarini. Naomba mwenye uzoefu anisaidie. Nimepata kazi ya uuguzi Berlin, mkataba unaanza katikati ya Januari, na nina mbwa ambaye siwezi kumwacha. Anaitwa Bobi, dume, miaka mitano, kilo 19, mbwa wetu hawa wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limelala. Marehemu baba ndiye aliyemleta nyumbani akiwa mdogo kabisa. Baba alipougua, Bobi alihamia mlangoni pa chumba chake akawa hatoki pale hadi siku ya msiba.

Mama anashauri nimwache kwa mjomba Usa River akalinde kuku. Majirani wanashangaa mbwa koko kupandishwa ndege. Mimi najua kule atafungwa mnyororo mchana kutwa, na hajawahi kufungwa. Uamuzi wa kwenda naye nimeshafanya, nataka kujua njia tu.

Alichanjwa kichaa cha mbwa kwenye kampeni ya Septemba mwaka jana na kadi ninayo. Inatosha? Mpango wangu ni nitangulie, nikishapata nyumba mdogo wangu amlete mwezi wa tatu. Nafikiria ndege ya KLM inayotoka KIA (uwanja wa Kilimanjaro) kwenda Amsterdam, halafu treni hadi Berlin. Mtu mmoja ameniambia siku ya safari apewe dawa ya usingizi asihangaike. Ni kweli?

Daktari wa Mifugo, Moshi

Hongera kwa kazi, dada. Kwa bahati umeuliza Julai. Ungeuliza Novemba ningekwambia Januari haiwezekani.

Kadi ya kampeni haitoshi, kwa sababu wakati anachanjwa hakuwa na chipu, kile kifaa kidogo chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi. Umoja wa Ulaya unataka chipu iwekwe kwanza (au siku hiyo hiyo, kabla ya sindano ya chanjo), ili ithibitike kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu huyu anayesafiri. Iwe ile ya tarakimu 15, na namba yake iandikwe kwenye kila karatasi bila kukosea hata tarakimu moja. Kwa hiyo wiki hii au ijayo: chipu, kisha chanjo upya. Ile ya mwaka jana haikupotea bure, maana mwili wa mbwa aliyewahi kuchanjwa kwa kawaida huitikia vizuri sindano ya pili.

Baada ya chanjo unasubiri angalau siku 30, ndipo anatolewa damu ya kupima kinga. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Ulaya imezisamehe kipimo hiki. Kenya pia haimo. Seramu (sehemu ya majimaji ya damu) inatenganishwa kliniki na kupelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Kwa Afrika, ya Onderstepoort kule Afrika Kusini imo kwenye orodha. Matokeo yafike 0.5 IU/ml au zaidi. Kuanzia tarehe ya kutolewa damu, si tarehe ya kupokea majibu, unahesabu miezi mitatu kamili kabla ya kuingia Ulaya. Piga hesabu: chanjo mwanzoni mwa Agosti, damu mapema Septemba, na mapema Desemba yuko huru kuingia. Unayo nafasi, ila si ya kupoteza.

Usiruhusu chanjo ipitwe na tarehe ya kurudiwa. Ikipitwa hata kwa siku moja, kipimo cha damu kinapoteza uhalali na unaanza upya.

Cheti cha afya kwa fomu ya Umoja wa Ulaya kinatolewa mwishoni na daktari wa mifugo wa serikali, na kinadumu siku 10 tu hadi siku ya kuingia. Mimi wa kliniki binafsi sahihi yangu peke yake haitoshi. Kibali cha kumtoa mnyama nchini ni cha Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Anza kukifuatilia mapema kwa sababu Desemba ofisi zina likizo.

Dawa ya usingizi, hapana. Inashusha presha ya damu na kuvuruga pumzi na joto la mwili, na kule chini ya ndege atakakokaa hakuna wa kumwangalia. Mashirika mengi ya ndege hukataa kumpokea mbwa aliyelewa dawa, na nawaunga mkono.

Baba Zawadi

Dada Neema, mimi na mke wangu tulihama Dar na mbwa wetu, naye wa kienyeji, sasa tuko Hamburg. Daktari amemaliza upande wa sindano, mimi naongeza mengine.

Badilisha mpango wa mdogo wako. Mnyama anahesabiwa kuwa wa mwenyewe pale tu safari yake na yako zinapoachana kwa siku zisizozidi tano. Unaweza kumwandikia mdogo wako idhini amsindikize, lakini ndani ya siku hizo. Akija Machi wewe ukiwa umetangulia Januari, ataingia kwa taratibu za biashara ya wanyama, ambazo ni nzito na ghali. Safirini pamoja. Kabla ya hapo mwandikie mwajiri wako, muulize kama nyumba ya kufikia inaruhusu mbwa. Hosteli nyingi za wafanyakazi haziruhusu, na ni bora ujue ukiwa bado Ngaramtoni.

Kwa kilo 19 hapandi nawe juu. Mengi ya mashirika ya Ulaya mwisho ni kilo 8 pamoja na mfuko. Atakaa chini, kwenye sehemu yenye hewa na joto linalodhibitiwa. Nafasi za wanyama kwa kila ndege ni chache, kwa hiyo usilipie tiketi yako kabla hawajakuthibitishia ya Bobi.

Sasa kreti, yaani boksi atakalosafiria, na hapa naomba unisikilize sana. Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kutoka pua hadi shina la mkia, ongeza nusu ya urefu wa mguu wa mbele kutoka chini hadi kiwiko: huo ndio urefu wa kreti. Upana wa mabega mara mbili ndio upana wake. Kimo ni kutoka chini hadi ncha ya sikio akiwa amesimama, ongeza unene wa tandiko. Kwa Bobi pima lile sikio lililosimama. Vipande vyake vifungwe kwa nati za chuma, visiwe vya kubana kwa plastiki peke yake, na chombo cha maji kiwe cha kujazwa kutoka nje.

Inunue sasa, si Desemba. Iweke sebuleni mlango wazi, chakula chake kiwe humo, tandika kanga yako uliyoivaa. Mbwa wetu wa uani hajawahi kujua chumba, atakuona umemtega. Yule wangu alianza kwa kuingiza kichwa tu, akala, akatoka. Tukamwacha aamue mwenyewe. Baadaye akawa analala humo usiku kucha mlango umefungwa, na mke wangu akawa haogopi tena. Naliamini hili kuliko dawa yoyote.

Ukifika Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, pita kwa forodha kutangaza mnyama, hapo ndipo karatasi na chipu vinakaguliwa. Kwenye treni za Ujerumani mbwa mkubwa analipiwa tiketi na anavaa kifunika mdomo, basi mzoeshe na hicho huko huko nyumbani. Berlin mbwa wa kwanza ana kodi ya euro 120 kwa mwaka, na bima ya madhara kwa watu wengine ni lazima.

Wanjiru, Leeds

Naongezea kwa wanaopita hapa wakielekea kwingine, wasinakili ratiba hii ya Ujerumani. Uingereza kwa ndege mbwa anaingia kama mzigo wa kago pekee, na lazima apewe dawa ya minyoo ya tegu kwa daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Wa Marekani wasome masharti yaliyoanza Agosti 1, 2024: Kenya na Tanzania zote zimo kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa.

Neema wa Ngaramtoni

Asanteni sana, Mungu awabariki. Daktari, nakuja Moshi Jumamosi na Bobi. Kaka Baba Zawadi, swali moja: kutoka KIA hadi Amsterdam ni usiku mzima. Atajisaidiaje?

Baba Zawadi

Mpe mlo mwepesi saa kadhaa kabla, maji asinyimwe. Mtembeze vya kutosha hapo nje ya KIA kabla ya kumkabidhi, kuna nyasi. Ndani ya kreti weka pedi za kunyonya za watoto wachanga chini ya kanga, tabaka mbili. Wengi hujizuia hadi mwisho. Pedi nyingine na mfuko wa plastiki weka kwenye begi lako la mkononi, utavihitaji kabla ya kupanda treni.